Aproni ya Jumapili

Kambi ya Mchangani, Harrowick
Jumamosi, 24 Julai 1965

Kwako Bibi, mrembo wa mguu mmoja,

Tumefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na ningelitengeneza mwenyewe kama dereva asingenifukuza. Karavani, nyumba yetu ya magurudumu, tumeikuta palepale mstari wa mbele ufukweni, imezama mchangani kama ng'ombe aliyegoma kuamka. Babu amekaa kizingitini tangu saa tisa anaitazama bahari. Nimehesabu kikohozi chake: mlangoni hadi bombani na kurudi, mara mbili. Huko nyumbani mara mbili ni kabla hajamaliza kuvaa kiatu cha kwanza.

Mpishi ni mimi. Usicheke. Viazi vimeungua upande mmoja tu, na upande wa pili ulikuwa mtamu.

Sasa kuna jambo, na usitoe macho. Yule Mzee Purvis, msimamizi wa kambi aliyekuwa akitupungia mkono tu tukifika, alifariki mwezi uliopita. Kambi imebaki kwa mjane wake, Bi. Agnes Purvis, mwembamba kama mpini wa ufagio na maneno makavu kama mkate wa juzi. Amefukua kitabu cha kambi, anapita mlango kwa mlango kutusomea kanuni: mwenye nafasi ya karavani atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho ya likizo ya migodi, yaani tarehe saba Agosti. Asiyetia sahihi, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na karavani yake inavutwa hadi shamba la juu, kwenye magofu ya watawa.

Najua umeshafika huko kwa mawazo. Ngazi za watawa. Vidato tisini na kimoja, na Babu na kifua chake kilichojaa vumbi la makaa hafiki cha kumi. Akiwekwa kule juu hatakanyaga mchanga tena, na wewe ndiye unayesema kila mwaka kwamba pumzi ya hapa ndiyo inayomvusha majira ya baridi.

Basi tulia. Nimezungumza na Bi. Purvis kiutu uzima na yamekwisha. Wewe uguza mguu. Na usimwandikie, hapendi barua, zinamletea kipandauso.

Babu amesema, "Msalimu." Nimemwambia aongeze neno tamu, akasema stempu ni ghali.

Mjukuu wako, simba wa mstari wa mbele,
Cuddy


14, Safu ya Tatu, Cawsdon
27 Julai 1965

Cuthbert,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta. Nimelinusa, nikajua unakaanga kwa moto mkali mno. Punguza gesi.

Pole nimeipeleka kwa Bi. Purvis moyoni, kwa kuwa umenikataza kalamu. Mumewe alikuwa mtu mwema.

Lakini hebu nieleze. Nafasi namba nne nimeitilia sahihi mara ishirini na tatu, tangu mwaka babako alipoanza kunizidi kimo. Mwanamke anayepita mlango kwa mlango na kitabu hageuzwi na kijana wa miaka kumi na sita aliyeacha shule kabla hajajua kugawanya. Alikubali nini hasa? Na mimi nitatiaje sahihi nikiwa hapa, mguu juu ya stuli, plasta hadi Septemba? Nijibu kwa maneno machache. Maneno yako yakizidi kumi huwa yana kitu nyuma yake.

Babako ananiletea makaa asubuhi na kusahau kufunga mlango. Vinginevyo sina shida.

Mwangalie Babu asiende bombani bila skafu. Atakwambia ni Julai. Mwambie bahari haina kalenda.

Bibi yako


Harrowick
Jumatano, 28 Julai

Bibi wa mimi,

Maneno machache: amekubali kungoja. Mawili tu hayo, hesabu.

Sasa mengine. Leo nimeogelea hadi lile jabali chini ya ngome na kurudi. Watalii waliokuwa wakipiga picha ukuta waligeuza kamera kwangu. Babu anasema nilifika magotini nikapiga kelele kama mwali. Usimsikilize, jua lilikuwa machoni mwake.

Na Babu amecheza dhumna na Mzee Hedley wa namba saba mchana kutwa, akacheka mpaka akavua miwani. Hakukohoa, Bibi. Alicheka na hakukohoa. Nimeliandika mara mbili ulisome mara mbili.

Ila karavani bila wewe ni kopo tupu. Nina ombi, na usinicheke. Niandikie siku yako ya hapa inavyokwenda, tangu unapofumbua macho. Unafanya nini kwanza, unaweka nini wapi, unaimba nini, unaanika nini. Usiache kitu. Nataka nikisoma nione kama upo.

Na mwisho wa barua weka jina lako kamili kama unavyoliandika kwenye vitu rasmi. Kwa ajili ya heshima ya ukoo.

Mpweke wako,
Cuddy


Safu ya Tatu, Cawsdon
Ijumaa, 30 Julai

Mjukuu wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu nilimsomea babako. Akasema, "Huyo anataka pesa." Nikamwambia anyamaze. Kumbe chini ya kelele zote hizo una moyo.

Haya, siku yangu ya Harrowick. Naamka saa kumi na mbili. Kabla ya kusema na mtu naweka birika la chai dirishani, lile lenye kofia ya sufu ya buluu, ili Nellie Rutter wa namba tano ajue nimeamka naye asije akanishinda kuamka. Nawasha redio kwa wimbo wa asubuhi, nami naimba sauti ya pili, vibaya. Nakohoa kidogo, ni ile hewa ya chumvi. Halafu nafua aproni ya jana na vitambaa viwili vya kupangusia vyombo, naanika saa mbili kamili kabla upepo haujageuka: aproni katikati, vitambaa kandokando, vibanio viwili kwa kila kimoja. Nafagia mchanga kizingitini. Namfunga Babu skafu. Ndipo nakaa na chai yangu, na hakuna malkia ninayemwonea wivu.

Leo Tully amepita na gari lake la samaki wa moshi kutoka huko kwenu, kama kila Ijumaa, na akirudi jioni atakubebea barua hii. Nimenunua wawili, nikawanusa kabla ya kuwapika. Walinuka Harrowick. Nimekaa nao mezani kitambo.

Na jina langu, kwa kuwa umeliomba, ingawa sijui utalifanyia nini:

Hester Margaret Dodds


Namba Tano, Kambi ya Mchangani, Harrowick
Jumatatu, 2 Agosti

Mpendwa Hester,

Sikuandika jana kwa sababu jana ilikuwa Jumapili, jambo ambalo wewe na mimi tunalijua.

Tangu tufike, mjukuu wako anatuambia umelala ndani, kichwa kinakuuma, mwanga unakudhuru. Nikaja na supu mara mbili, akaipokea mlangoni kwa shukrani nyingi. Bakuli lilirudi tupu, nami nikasema moyoni Hester mgonjwa hawezi kumaliza supu yangu wakati Hester mzima hajawahi kuimaliza. Juzi Jumamosi, birika likatokea dirishani saa kumi na mbili. Redio ikaimba, na kitu kikakohoa kwa sauti nyembamba. Saa mbili aproni kambani, katikati. Nikaanza kuamini.

Jana tukiwa njiani kwenda chapeli, Biblia mkononi, safu nzima kwa pamoja, tukaikuta tena. Aproni yako ya buluu na vitambaa viwili, vinapepea mbele ya Mungu na watu, siku ya Bwana. Hedley alivua kofia kama aliyekutana na jeneza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hester ameacha dini." Mimi nikasema moyoni, Hester hayupo. Hester angeanika nguo Jumapili siku ambayo mimi ningecheza ngoma juu ya paa la chapeli.

Ndiyo maana barua hii naituma Cawsdon.

Unajua ni nani anayefuata kwenye foleni. Ni binti yangu Edie, naye ana mtoto wa pili njiani, na amengoja miaka sita. Sijamwambia Agnes Purvis neno, na sitamwambia. Sikulelewa kupata ufuo kwa ulimi. Lakini Agnes naye alipita njia hiyo hiyo kwenda chapeli, na ana macho mawili.

Mguu wako ukoje hasa? Usinidanganye, mwongo mmoja anaitosha nyumba moja.

Wako,
Nellie Rutter


Safu ya Tatu, Cawsdon
Jumanne, 3 Agosti

Cuthbert Dodds,

Nellie ameniandikia.

Kwa hiyo nilipokuwa nikikuandikia siku yangu, na macho yakinilowa kama mjinga, wewe ulikuwa unachukua vipimo. Na jina langu kamili ulilitaka ulinakili. Usikane. Nimekulea.

Nimekaa miaka hamsini kwenye chapeli moja. Safu nzima imenipita ikiwa imevaa nguo za ibada, na aproni yangu ikiwapungia. Ningekuwa na miguu miwili ningekuja kwa mguu.

Najua kwa nini ulifanya. Ni pumzi ya Babu yako. Unadhani mimi siioni hiyo pumzi? Mimi ndiye ninayelala kando yake. Lakini Babu yako amefanya kazi chini ya ardhi miaka arobaini na minne na hajawahi kuchukua hata kipande cha makaa kisicho chake. Ukimpa ufuo kwa uongo, siku akijua atapanda zile ngazi kwa hiari yake, na zitamuua, nami sitamzuia.

Nimemwandikia Bi. Purvis leo. Nimemwambia siko hapo, sikuwepo, na nafasi ampe anayestahili. Barua mbili zimeondoka kwa posta moja. Ukisoma hii, naye anasoma yake.

Kosa moja ni langu, nami nakubali. Nilikuandikia siku sita, nikadhani mtu wa nyumba yangu anaijua ya saba.

Punguza gesi.

Bibi yako


Harrowick
Jumanne, 3 Agosti

Bibi,

Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mwingine. Barua hii haina mzaha. Labda mmoja.

Nilikudanganya. Bi. Purvis hakukubali kungoja. Siku ile ya kwanza nilimuuliza, "Je, mtu akiwa mgonjwa?" Akasema, "Mgonjwa alale kwao, nafasi ikae na mzima." Babu alikuwa amesinzia. Nikaziona zile ngazi zote tisini na kimoja kichwani, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Bibi yumo ndani, kichwa kinamuuma." Baada ya hapo nilikuwa nafuata mdomo tu kama mtu aliyefungwa kwa farasi. Babu nilimwambia watu wanauliza habari zako kwa mapenzi.

Birika lilikuwa mimi. Kikohozi pia. Kikohozi nilikipatia kabisa, ungejivunia.

Jana Bi. Purvis akaja na kitabu chenyewe. Akakiweka mezani, akasema, "Kichwa kikimtulia, atie sahihi. Nitakuja kesho." Akaenda zake. Babu alikuwa amelala upande, amegeukia ukuta. Nikatoa barua yako, nikaweka jina lako pembeni, nikachukua kalamu. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye karatasi ya mkate mara arobaini, na ile herufi ya kwanza nilikuwa naichora vizuri kuliko wewe.

Nikafungua ukurasa wetu. Umo ishirini na tatu, Bibi. Hester M. Dodds, Hester M. Dodds, mpaka chini. Mwaka mmoja wino umetapakaa, na kando umeandika "mvua, samahani." Mvua, samahani! Nani anaomba radhi kwenye kitabu cha kambi?

Babu akasema, bila kugeuka, "Mwandiko wako kwenye ile karatasi ya mkate umenyooka. Shuleni hukuwahi."

Ni hilo tu. Nikasikia anavuta pumzi, anaitoa, anaivuta. Kumbe yuko macho. Na mimi nikaiweka kalamu chini, nikafunga kitabu.

Leo asubuhi nimekirudisha kitabu kikiwa hakina sahihi mpya. Nimemwambia Bi. Purvis yote, na aproni nikamwambia, ingawa sijui kwa nini watu hawanisalimu tangu Jumapili. Nikamwambia karavani nitaivuta mwenyewe hadi shamba la juu, asimwite mtu wa trekta. Na Babu nitambeba mgongoni, kushuka asubuhi, kupanda jioni, kila siku ya likizo, kila mwaka. Nina mgongo. Septemba naingia mgodini, utakuwa mpana zaidi.

Bi. Purvis akanivutia kiti. Akasema, "Kaa chini." Akanipa chai. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Sasa ngazi nimezipanda mara tatu na gunia la viazi mgongoni, kujaribu. Zinapandika. Watalii hawakupiga picha.

Cuddy


Kambi ya Mchangani, Harrowick
Alhamisi, 5 Agosti

Bi. Dodds,

Barua yako nimeipata jana. Mjukuu wako alikutangulia kwa siku moja. Nakwambia hili mapema kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kulijua mapema.

Aproni niliiona Jumapili kama walivyoiona wote. Kitabu nilikiacha mezani kwenu Jumatatu makusudi. Nilitaka kuona kitarudi kikiwa na nini. Kimerudi hakina kitu.

Watu kumi na mmoja wa safu ya mbele walijua hupo. Nimengoja siku nne mmoja aje kunong'ona. Hakuna aliyekuja. Jana nilimfuata Nellie Rutter mwenyewe, nikamwuliza kama Edie anaitaka namba nne. Akasema, "Anaitaka sana. Ila si wiki hii." Basi Edie nimempa namba tisa mstari wa mbele. Ile ilikuwa ya Purvis na mimi. Sitaihitaji, nyumba ya lango inanitosha sasa.

Maneno niliyomwambia kijana siku ya kwanza yalikuwa makali. Nilikuwa na wiki tano tangu nimzike mume wangu, na kila aliyepita langoni alikuwa akiniambia, "Purvis alikuwa akituruhusu." Purvis hakuruhusu nusu ya hayo.

Sasa kanuni. Nimeisoma upya. Inasema mwenye nafasi atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Inasema mkono. Haikusema miguu.

Kitabu hiki hakijawahi kutoka langoni. Kesho Tully anakuja Cawsdon na samaki. Nimemkabidhi kimefungwa kwa gazeti. Nakihitaji Jumamosi kabla ya saa sita mchana, naye ameapa kurudi alfajiri.

Chini ya jina lako kuna mstari wa mrithi wa nafasi. Umeuacha mtupu miaka ishirini na mitatu. Sisemi kitu. Nasema tu nimeuona.

Agnes Purvis


Safu ya Tatu, Cawsdon
Ijumaa, 6 Agosti

Cuthbert,

Tully amesimama mlangoni, kofia mkononi, gari linanguruma, paka wote wa Safu ya Tatu wamelizunguka. Kwa hiyo naandika haraka.

Nimetia sahihi. Wino umetapakaa, si mvua safari hii. Nimeiandika hiyo "samahani" tena kando, atakayesoma ataelewa au hataelewa.

Ule mstari wa mrithi sikuwahi kuuandika kwa sababu sikuona wa kumwandika. Babako hapendi mchanga. Nimeuacha tena mtupu, na barua hii iko ndani ya ukurasa huo. Kama utautia sahihi, utie jina lako. Lako. Umeshathibitisha unaliweza langu.

Lakini kwanza ukasimame kwa Nellie, umwambie asante kwa supu uliyokunywa. Halafu kwa Hedley. Halafu wote. Namba kwa namba, mpaka mwisho wa safu.

Nimeisoma ile barua ya Jumanne. Babako ameisoma. Hakusema unataka pesa.

Usimbebe Babu na gunia la viazi siku moja.

Bibi


Kadi ya posta, picha ya ngome
Harrowick, Jumamosi, 7 Agosti

Bibi,

Kitabu kimefika saa nne na nusu, kinanuka Tully mzima. Bi. Purvis amekifungulia dirisha. Nimetia sahihi chini yako. Babu anasema ni kama kaa aliyelewa, lakini alivaa miwani kuisoma, na hakuivua.

Nimezunguka safu nzima. Bi. Rutter alinivuta sikio, akanipa supu. Nimeimaliza mbele yake, adhabu tosha.

Basi letu ni Jumatatu. Kesho asubuhi tunakwenda chapeli, Babu na skafu, mimi na tai ya Hedley. Kamba ni tupu. Hata vibanio nimeviweka ndani.

Cuthbert Ridley Dodds